Tuovi wa Posta Anunua Gari la Taisto

Upande wetu wa Karstula, enzi ambazo watu bado walikuwa wanaandikiana barua, hapakuwa na mtu aliyezijua barabara za changarawe kama Tuovi Hokkanen. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini. Kila siku ya kazi alizunguka kilomita mia na arobaini kwa gari la posta, usukani ukiwa upande wa kulia, maana huku tunaendesha kulia mwa barabara, ili mkono ufike kwenye masanduku ya barua yaliyopangwa kando ya njia. Iwe mvua, iwe theluji, iwe ile barafu ya Novemba inayoteleza kama sabuni, saa tano na robo gari lake lilikuwa kwenye sanduku langu. Mimi nimekaa jirani na Tuovi na mumewe Kauko miaka ishirini na minane, na ndimi niliyekuwa nikichoma soseji kwenye mashindano ya klabu yetu ya magari. Haya mengi niliyaona kwa macho yangu, mengine nilisimuliwa na wenyewe.

Kushindana hakukuwa ndoto ya Tuovi. Mwenye ndoto alikuwa Kauko. Kauko alifuga ng'ombe kumi na wawili, lakini moyo wake ulikuwa kwenye banda la nyuma, ambako alifungua injini na kuzifunga tena hata pale ambapo hazikuwa na tatizo. Alitengeneza Volkswagen kuukuu ya mgongo wa kobe, nyekundu, kwa ajili ya lile daraja la mashindano tunaloliita la kila mtu. Wiki moja kabla ya mbio zake za kwanza, mgongo ukamshika akiwa anainua injini. Akalazwa chali sebuleni, hata kugeuka hawezi. Na jina lilikuwa limeshaandikishwa.

"Basi nenda wewe," alimwambia mkewe. "Zunguka polepole tu, usiniharibie gari."

"Polepole kiasi gani?"

"Kama unapeleka barua."

Kauko hakuwahi kupanda gari la posta. Tuovi akaenda, akaendesha kama anayepeleka barua, akawa wa tatu kati ya magari ishirini na manne.

Mgongo wa Kauko ulipona nusu tu, ule wa kutosha kukamua ng'ombe na kuinama juu ya injini, si wa kurushwarushwa kwenye mashimo. Basi ikawa hivyo: yeye anatengeneza, mkewe anaendesha. Katika miaka tisa Tuovi alichukua ubingwa wa klabu mara sita. Uwanja wetu uko kwenye shimo la zamani la kokoto, nusu ni changarawe, nusu ni udongo wa mfinyanzi, na kona yake ya tatu ina mchanga laini unaomeza matairi. Kuanzia Mei hadi Septemba tunafanya mbio sita, pointi zinajumlishwa, mwenye nyingi ndiye bingwa. Kikombe chenyewe ni kidogo, lakini watu walikuwa tayari kukosana kwa ajili yake.

Jambo moja lilikuwa la kuchekesha, na pengine si la kuchekesha sana. Tuovi akishinda, anatoka ndani ya gari uso mzima vumbi, meno tu ndiyo meupe, na wanaume wanampita moja kwa moja kwenda kumshika mkono Kauko.

"Kauko, umeweka nini humo ndani wewe?"

"Vitu vya kawaida tu."

"Kawaida! Gari inaruka kama imechomwa sindano, unaniambia kawaida!"

Kauko alikuwa akitabasamu na kuifuta mikono yake kwa kitambaa, ingawa mikono ilikuwa safi. Tuovi alikuja kwenye jiko langu, akachukua soseji na haradali, akala amesimama. Siku moja nilimuuliza kama haimuumi.

"Muache afurahi," aliniambia. "Injini yenyewe ni nzuri kweli."

Sasa, lazima niseme kuhusu sheria, maana bila hiyo hakuna kisa. Daraja la kila mtu lina sheria moja inayolifanya liwe la kila mtu. Mbio zikiisha, gari lolote lililokimbia siku hiyo linaweza kununuliwa kwa bei moja iliyopangwa, bei ndogo, sawa kwa magari yote. Dereva yeyote mwenye leseni anaandika karatasi ndani ya nusu saa, anaiweka mezani kwa waamuzi, na mwenye gari hana ruhusa ya kukataa. Akikataa, leseni yake inachukuliwa. Iliwekwa hivyo ili asitokee tajiri akajenga gari la ajabu na kuwafunika wenzake. Ukiweka kitu cha thamani kwenye gari lako, ujue umemwekea jirani.

Hata hivyo, kwa miaka tisa hakuna aliyeandika karatasi ya gari la Tuovi. Watu wa huku wana haya. Kulitaka gari lile kungekuwa kama kumwomba mtu koti alilolivaa.

Aliyeishinda haya hiyo alikuwa Taisto Lampinen. Taisto alikuwa na karakana ya matrekta kwenye njia panda, jitu la mtu, mcheshi, mwenye kelele kuliko watu watatu wa kwetu wakijumlishwa. Miaka mitatu mfululizo alikuwa wa pili nyuma ya Tuovi. Alikuwa na gari dogo la bluu la milango miwili, kalitengeneza mwenyewe, na kila akishindwa alilipiga gurudumu lake teke mbele ya watu. "Chuma chakavu hiki!" alikuwa akisema. "Nipeni mimi ile nyekundu muone!"

Kiangazi kile, mbio za tatu, mwezi wa Julai, Tuovi akashinda tena na Taisto akawa wa pili tena. Safari hii hakupiga teke. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya waamuzi, akaandika. Nilisikia mafuta ya soseji yakichuruzika kwenye makaa.

"Samahani, Tuovi," alisema Taisto, na kusema kweli uso ulikuwa umemwiva. "Sheria ni sheria. Mwaka huu nataka kushinda."

"Hakuna ubaya," Tuovi akajibu. Akatazama saa. "Zimebaki dakika ngapi?"

"Kumi na moja," mwamuzi akasema.

"Nipe na mimi karatasi."

"Unataka kununua gari ya nani?"

"Ya Taisto. Ile bluu. Ile inayokaa nyuma yangu siku zote."

Watu walicheka mpaka bibi mmoja akamwaga kahawa. Taisto mwenyewe alicheka. "Chukua!" akapaza sauti. "Chukua, na Mungu akusaidie! Hiyo gari haipindi kona, inajadiliana nayo!"

Kauko hakucheka. Alisimama kando ya gari jekundu, kiganja juu ya boneti iliyokuwa bado ya moto, mpaka Taisto alipokuja na kamba ya kulivuta.

Nyumbani, Kauko alianza kazi jioni ileile. Akaliingiza gari la bluu bandani, akafungua boneti, akapanga spana. Tuovi akasimama mlangoni.

"Usiiguse injini," alisema.

"Nini?"

"Iache kama Taisto alivyoiacha."

"Hata oili?"

"Oili badilisha. Kingine, hapana."

Kauko aliweka spana chini. "Tuovi, injini hii ina nguvu kidogo kuliko ile. Nimeisikia ikija njiani, inakohoa. Unataka kushindwa?"

"Nataka kujua," Tuovi akasema. "Miaka tisa naambiwa ni injini. Nawe unaamini ni injini. Mimi mwenyewe nikilala naamini ni injini, nikiamka siamini. Sina umri wa kusubiri miaka tisa mingine."

Kauko aliumia moyoni. Siku tatu hakuzungumza naye ila habari za ng'ombe: yule ana kiwele kigumu, yule hajala vizuri. Tuovi alijibu kuhusu ng'ombe, akaenda kwenye barua zake, akarudi.

Mbio za nne zilikuwa mwanzoni mwa Agosti. Taisto, ndani ya gari jekundu, aliondoka kwenye mstari kama jiwe la manati na hakuna aliyemwona tena ila mgongo. Akashinda mchujo, akashinda fainali. Alitoka akipiga yowe, akanibeba mimi na koleo langu la soseji. Tuovi alikuwa wa nne. Kwenye kona gari la bluu lilimrukaruka, halishiki chini, akafika amechoka mikono. Na unajua wale wanaume walikwenda kumpongeza nani? Kauko!

"Kauko, injini yako imeshinda tena! Hata Taisto kashinda nayo!"

Kauko aliwashukuru, lakini tabasamu lilikuja upande mmoja tu wa mdomo.

Jioni hiyo wawili hao walikaa saunani, kile chumba chetu cha kuogea kwa mvuke. Tuovi alinisimulia baadaye. Aliyamwagia maji mawe ya moto, mvuke ukapanda, akasema, "Pengine wanasema kweli. Pengine ni wewe."

Mwanaume mwingine angefurahi kusikia hivyo. Kauko aliyaongezea mawe maji. "Gari ile ina springi ngumu," akasema. "Taisto kaweka springi za kubebea mizigo, maana yeye mwenyewe ni mzigo. Wewe ukiingia kona kama ulivyozoea kwenye nyekundu, hii lazima ikutupe."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Sijui. Mimi ni wa injini. Wewe ndiye unayekaa pale ndani."

Tuovi aliniambia kwamba maneno hayo, "wewe ndiye unayekaa pale ndani," yalimkaa kichwani wiki nzima, akiyarudia kati ya sanduku la barua na sanduku la barua. Kisha akaanza mazoezi. Kila siku baada ya kazi alilipeleka gari la bluu kwenye shamba lao lililokwisha kukatwa nyasi, akalizungusha. Alipunguza upepo kwenye matairi, akaongeza, akapunguza tena. Niliona vumbi lake kutoka dirishani kwangu. Aligundua kwamba gari lile halitaki kuvutwa kwenye kona kwa nguvu. Linataka liambiwe mapema. Ukigeuza usukani kabla ya kona kufika, ukainua mguu kidogo kwenye mafuta mara moja tu, mkia unakuja wenyewe na gari linatulia ubavu kama limelala. Ukichelewa hata kwa upana wa gari moja, linaanza kuruka.

"Ni kama ng'ombe yule Mansikki," alinieleza. "Ukimsukuma anakupiga teke. Ukimtangulia na ndoo, anakufuata."

Mbio za tano zilikutana na mvua. Udongo ukawa uji, magari yakawa yanakwama na kugongana, na Tuovi akashinda kwa umbali mkubwa. Taisto aliteleza na kugeuka mbele-nyuma mara mbili katika kona ya tatu, akamaliza wa tano. Tulidhani sasa watu watasema kitu. Wakasema ni mvua. "Mvua inamaliza nguvu za injini," wakaambiana huku wakijikinga chini ya turubai langu. "Kwenye ukavu tutaona."

Ukavu ukaja. Jumapili ya pili ya Septemba, mbio za mwisho, jua, miti ya mibetula imeanza kuwa manjano, na vumbi limesimama juu ya shimo. Katika pointi Taisto na Tuovi walikuwa wamekaribiana kiasi kwamba hesabu ilikuwa moja tu: atakayemaliza mbele ya mwenzake kwenye fainali ndiye bingwa.

Kwenye mstari walipangwa ubavu kwa ubavu. Taisto akachungulia kupitia wavu wa dirisha.

"Tuovi! Leo utakula vumbi la mumeo!"

"Nimelizoea!" Tuovi akajibu. "Nafua nguo zake!"

Taa ya kijani ikawaka. Gari jekundu likatoka mbele, kama ilivyotarajiwa. Mizunguko ni mitano. Kwenye sehemu iliyonyooka Taisto alimwacha kwa urefu wa magari matatu. Kwenye kona ya kwanza na ya pili Tuovi alirudisha mawili. Kwenye kona ya tatu, ile ya mchanga, alirudisha lililobaki na nusura amguse. Halafu sehemu iliyonyooka tena, na nyekundu ikaondoka tena. Mzunguko wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tatu hivyo. Nilikuwa nimesimama juu ya sanduku la soda, soseji zikiungua, na hakuna aliyelalamika.

Kitu nilichokiona ni hiki. Taisto alifika kwenye kila kona kwa kasi kubwa, taa zake za breki zikawaka, mkia ukatupwa, akapambana na usukani, akatoka. Alikuwa anaendesha vizuri, tusimwonee. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesimama pale ambaye angefanya vile. Lakini taa za Tuovi kwenye kona ya tatu hazikuwaka kabisa. Gari la bluu lilianza kugeuka pakiwa hapana kona bado, likalala ubavu, likapita juu ya mchanga kama lisiloujua.

Mzunguko wa mwisho, kona ya tatu. Taisto alimsikia nyuma yake, akataka kuchelewesha breki kidogo ili ajipatie nafasi. Kidogo hicho kikawa kingi. Gari jekundu likateleza kuelekea nje, likameza mchanga, na upande wa ndani ukabaki wazi kwa upana wa gari moja. Tuovi alikuwa tayari yumo. Walitoka pamoja, wakavuta sehemu ya mwisho pamoja, injini ya Kauko ikipiga kelele na kumsogeza Taisto mbele sentimita kwa sentimita, lakini mstari ulifika kwanza. Tuovi alishinda kwa nusu ya gari.

Watu walipiga kelele, kisha ikaja ile hali ya watu kutojua waende wapi. Reino, fundi wa mabomba, kwa mazoea tu akamwendea Kauko na mkono umenyooshwa. Kauko hakuupokea.

"Injini yangu imekuwa ya pili," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Aliyeshinda yule pale."

Akaenda yeye mwenyewe wa kwanza. Tuovi alikuwa anavua helmeti, nywele zimemlowa. Kauko alisimama mbele yake, mgongo wake mbovu umenyooka kadiri ulivyoweza, akampa mkono rasmi, kama wageni wanaotambulishana kanisani.

"Umeendesha vizuri," akasema.

Ni maneno mawili. Tuovi aliniambia kwamba katika ndoa yao yote alikuwa hajawahi kuyasikia, na kwamba alilazimika kuinama kujifanya anafunga kamba ya kiatu. Baada yake foleni ikafuata, Reino wa kwanza, na Tuovi akashikwa mkono mpaka akalalamika vidole.

Taisto alikuja mwisho. Hakuwa na kelele.

"Kwa hiyo hii bluu ilikuwa nzima siku zote?"

"Nzima kabisa. Inapenda uingie mapema, basi."

"Nimeitukana miaka mitatu."

"Haikusikia," Tuovi akasema. "Na ile nyekundu unaionaje?"

"Kwenye njia iliyonyooka, nilikuwa mfalme. Nikifika kwenye kona najikuta ni Taisto yuleyule." Akajikuna kichwa. "Sikiliza, Tuovi. Naweza kupanda na wewe siku moja? Kwenye posta."

Sheria za kazi hazikuruhusu, kwa hiyo sitasema kama ilitokea Jumatatu ile au Jumanne ile. Nitasema tu kwamba saa tano na robo gari la posta lilisimama kwangu, na ndani yake, magoti yamegusa kidevu, pakiti za watu mapajani, alikuwa amekaa Taisto Lampinen, mweupe kama maziwa.

"Huyu mwanamke hana breki!" aliniambia kupitia dirisha.

"Ninazo," Tuovi akasema huku akinipa gazeti langu. "Nazitumia kwenye masanduku. Taisto, umeona pale darajani, changarawe ilipobadilika rangi?"

"Mimi nilikuwa nimefumba macho!"

"Basi fumbua. Ikiwa nyeusi ina maji chini yake, lazima uanze kugeuka kabla. Tutapita nyingine sasa hivi."

Wakaondoka. Alizunguka naye kilomita zote mia na arobaini, na wanasema kufika mchana alikuwa ameshaacha kupiga kelele na ameanza kuuliza maswali.

Kabla ya kiangazi kilichofuata, Kauko aliruhusiwa kuigusa injini ya bluu, akaigusa kwa furaha majira yote ya baridi. Gari likawa na nguvu ajabu. Katika mbio za pili Tuovi alikuwa anaongoza kwa mbali, ndipo mkono wa pistoni ukakatika na kutoboa ubavu wa injini. Gari likasimama mbali kabisa, upande wa pili wa shimo. Tuovi alirudi kwa miguu, helmeti mkononi, na Kauko akampokea kwenye uzio.

"Haya," Kauko alimwambia. "Sasa endesha bila injini."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Sijawahi kuwaona wakicheka hivyo mbele za watu, si kabla wala baada.

Taisto alichukua ubingwa miaka miwili baadaye, bila kununua gari la mtu, na Tuovi akiwa wa pili. Tuovi alishindana mpaka akafikisha miaka sitini na moja, kisha akasema shingo imechoka. Posta nayo ikapunguza njia zake na yeye akastaafu. Siku hizi, ziwa likiganda vya kutosha, klabu inasafisha njia ya mazoezi juu ya barafu, na Jumamosi wanawake wanakuja na magari yao ya kawaida: mwalimu, muuguzi kutoka Kyyjärvi, mama mmoja anayeendesha basi la wanafunzi. Tuovi anakaa kiti cha abiria, chupa ya chai kati ya magoti, na kuwaambia wageuze usukani mapema. Wakizunguka na kuingia kwenye theluji ya pembeni, anashuka, anasukuma, wote wanacheka, anarudi kukaa. Ananiambia hajawahi kuwa na kazi nzuri kuliko hiyo, maana masanduku ya barua hayajui kucheka.